Uliza Fundi: Kofia ya makuti juu ya nyumba ya mawe

Mwezi huu barua zimekuja nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinauliza habari za nyumba za kale. Nadhani ni kwa sababu masika inakaribia na watu wameanza kutazama juu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mwenye kuuliza ameshaletewa saruji mlangoni.

*

Asalaam alaykum, ami Fundi. Mimi na ndugu zangu wawili tumerithi nyumba ya nyanya yetu huko Shela, kisiwani Lamu. Ni ya mawe, ya ghorofa moja, na juu kabisa kuna paa la makuti lililosimama juu ya nguzo, wazi pande zote. Tangu mvua za mwaka jana maji yanapenya mpaka chumba cha ndani chenye zidaka, vile vishimo vya ukutani. Kaka yetu mkubwa anataka tutoe makuti tuweke mabati. Fundi aliyemleta anasema tumwage zege juu ya dari, kuta tuzipige plasta ya saruji, halafu tusahau kwa miaka 50. Punda wameshashusha mifuko 30 mlangoni. Moyo wangu unasita ila hoja sina.
Binti wa Shela, Mombasa

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Hiyo saruji muuzieni jirani, tena upesi, maana kwa unyevu wa Shela haikai miezi mitatu kabla haijaganda ndani ya mfuko. Halafu mkae chini nyote watatu mnisome.

Nyumba ya nyanya yenu ina mapaa mawili, na ugomvi wenu umetokana na kulitambua moja tu. Zamani nyumba za mawe za Lamu na Shela zilifunikwa juu kwa sakafu bapa ya chokaa, basi. Watu walilala huko usiku wa joto, wakaanika nguo na samaki. Lakini sakafu ya chokaa hupasuka: jua huichoma mchana kutwa, usiku umande huipooza, na kila mwaka mwenye nyumba hana budi kuziba nyufa kabla ya mvua. Waliochoka kuziba ndio waliosimamisha nguzo juu ya kuta, wakapaua, wakaezeka makuti. Makuti ni mwavuli. Paa lenyewe ni ile sakafu mnayoikanyaga mkiwa juu mnatazama mlango wa bahari na kisiwa cha Manda ng'ambo ya pili.

Sasa hiyo sakafu. Chini kabisa ni boriti, yaani vigogo vya mkoko vilivyopangwa karibu karibu, katikati nafasi ya shibiri moja hivi, urefu wa kiganja kilichotanuliwa. Juu ya boriti vimelazwa vibamba vya matumbawe, na juu ya vibamba chokaa iliyochanganywa na kokoto za matumbawe hayo hayo, ikapondwa kwa vigongo siku nzima, watu wamejipanga mstari wakiimba, mpaka ikashikana. Unene wote unafika sentimita 30 bila taabu. Mita moja ya mraba ya sakafu ya namna hiyo ina uzito wa karibu nusu tani. Zidisheni kwa ukubwa wa chumba mtajua boriti zile zimebeba nini tangu siku za nyanya ya nyanya yenu. Fundi wenu akiongeza zege la sentimita 10, anawatwika kilo 240 nyingine kwa kila mita ya mraba, juu ya vigogo ambavyo nina hakika hajavikagua vichwa.

Vichwa vya boriti ndiyo habari kubwa. Mkoko mchwa hawaupendi, na ukikaa mkavu unaishi kuliko mwenye nyumba. Huoza mahali pamoja tu, pale unapoingia ukutani, maji yakiteremka ndani ya ukuta yakatuama hapo. Chukueni bisibisi. Ingieni chumba cha ndani, mchome kila boriti vidole viwili kutoka ukutani, pande zote mbili. Ikizama kama kwenye mkate, hiyo imekwisha. Ikigoma, iacheni, hata iwe nyeusi namna gani. Na kubadilisha moja si lazima mbomoe dari. Unaitegemeza dari kwa nguzo za muda, unaikata ile mbovu, kisha tundu la ukuta wa upande mmoja unalichimba liwe refu kuliko linavyohitajika. Boriti mpya unaisukuma humo mpaka mwisho, halafu unairudisha nyuma ishike ukuta wa pili, na nafasi iliyobaki unaijaza mawe madogo na chokaa. Mjomba wangu alikuwa akibadilisha tatu kabla ya adhuhuri. Mimi sikuwahi kupita mbili.

Maji yameingiaje? Pandeni juu mvua ikiwa inanyesha, msingoje iishe. Nina shuku mbili. Ya kwanza ni mlizamu, ule mfereji mfupi unaochomoza nje ya ukuta kutupa maji mbali. Nyumba ngapi nimeitwa nikakuta mpaka rangi aliuziba kwa sababu ndege walijenga humo! Hapo sakafu inageuka birika. Chomeni kijiti kwanza kabla ya kumwita fundi yeyote, mimi nikiwa mmoja wao.

Shuku ya pili ni makuti yenyewe, na hapa nitawasema wenzangu. Mimi nimezaliwa Langoni, upande wa mji wa Lamu uliokuwa na nyumba nyingi za udongo na makuti. Nyumba za mawe zilikuwa Mkomani, upande wa pili wa mji. Mama yangu alishona makuti ya kuuza. Alikaa barazani, ufito ameulaza mapajani, akachukua majani mawili matatu ya mnazi, akayakunja juu ya ufito, akapitisha ugwe, akabana, akachukua mengine yakalalia nusu ya yale ya kwanza. Macho yake yalikuwa njiani kutazama nani anapita, si mikononi. Likimalizika, alilinyanyua juani. Ukiona mwanga unapenya, hilo halikuuzwa, lilikwenda kwenye ua la kuku wetu. Makuti haya ya kushonwa tunayaita ya viungo. Yale ya kusukwa, makuti ya kumba, ni ya ua na banda, asiwauzie mtu kwa paa.

Hata hivyo kuti zuri likifungwa vibaya ni bure. Mwezekaji anayetaka kubana gharama huacha shibiri nzima kati ya safu na safu, na mkiwa chini hamjui, paa linaonekana limejaa. Mimi hupima kwa vidole: vinne, basi. Tazameni na mteremko. Kwa kila hatua moja paa linayokwenda ndani, lipande juu hatua moja. Likilala zaidi ya hapo maji hayakimbii, yanatembea, na yakitembea hutafuta mahali pa kuingia. Paa lililobanwa vidole vinne na kusimama vizuri litawafikisha miaka minane, hata kumi. Lile la shibiri halimalizi mwaka wa nne. Fundi akija na bei ya chini, mwulizeni anafunga kwa vidole vingapi, mtaona uso wake.

Kaka yenu anataka mabati, na simcheki. Langoni jamaa wengi wamehamia mabati kwa kuogopa moto, na aliyewahi kuona makuti yakishika moto upepo wa kaskazi ukivuma hasahau. Lakini paa lenu liko wazi pande zote, juu ya ghorofa, mbele ya bahari. Makuti yanapumua, upepo ukiingia chini yake hupata pa kutokea. Bati ni tanga. Upepo wa kusi ukiingia chini ya bati hapo juu, mmetweka. Kwa chumvi ile ya Shela kutu itaanza kwenye misumari kabla hamjamaliza deni, na mchana hapo juu hapatakalika, na ndipo mahali penye baridi kuliko pote nyumbani. Moto mnaweza kuuzuia kwa njia nyingine: jiko lisiwe chini ya makuti, nyaya za umeme zipite ndani ya bomba, dawa ya mbu ya kuwasha isipandishwe juu, na pipa la maji likae karibu na ngazi, limejaa, na kata yake.

Nimebakiza plasta ya saruji, na hapa sina budi kujitaja mwenyewe. Mwaka 1987 nilikuwa kijana na mwiko mpya. Mwenye nyumba mmoja Mkomani alitaka daka lake, ile sebule ndogo ya nje yenye baraza mbili, ling'ae. Ukuta ulikuwa na nakshi za kale za chokaa zilizoanza kubabuka. Nikaupiga saruji juu yake, nikaulainisha kwa ubao, watu wakapita wakasifu. Mjomba wangu alipita pia. Hakusema kitu. Baada ya masika mbili ukuta ukaanza kutoa sauti ya ngoma ukiugonga. Kuta hizi hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa taratibu kupitia chokaa. Saruji ilipouziba, unyevu ulipanda, chumvi ikaganda nyuma yake na kuusukuma. Siku moja asubuhi bamba zima la ukubwa wa mlango likaanguka barazani. Nilipoligeuza niliona nakshi zote, kila ua na kila msuko, zimepigika chapa kinyume kwenye mgongo wa saruji yangu. Ukutani hakukubaki ila jiwe. Nimelihifadhi pande moja la lile bamba. Hushikia mlango usijifunge kwa upepo, nami huliona kila nikitoka.

Basi fanyeni hivi. Kwanza piteni ofisi ya makumbusho Lamu, muwaonyeshe mnachokusudia. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na pale mtaelekezwa kwa mafundi waliozoea chokaa. Makuti yaezekeni sasa, kabla ya Aprili, ili mpate pakavu pa kufanyia kazi nyingine. Boriti zingoje mvua kubwa ipite. Plasta ya chokaa iwe ya mwisho kabisa, kuta zikishakauka, na kukauka kwake kunaweza kuchukua mwaka. Kaka yenu mwambieni asikasirike kwa habari ya ule mwaka.

*

Ndugu Fundi, nakuandikia kutoka Muscat. Babu yangu aliacha nyumba ya zamani Sur, huku huku Oman, vyumba vyake virefu na vyembamba mithili ya ujia. Mwaka juzi nilikwenda Lamu kwa wajomba, nikakuta vyumba vya upana ule ule. Nilinyoosha mikono nikapima kwa pima zangu, sawasawa. Je, fundi alikuwa mmoja?
Mjukuu wa nahodha

Ndugu yangu, umenifurahisha. Fundi hakuwa mmoja. Mti ndio ulikuwa mmoja.

Mkoko ulionyooka na wenye unene wa kubeba dari haukupi urefu wa maana zaidi ya mita tatu. Ukishatoa sehemu zinazoingia ukutani huku na huku, unabakiwa na dhiraa sita hivi, na dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ukitaka chumba kipana zaidi boriti inapinda, na ikipinda chokaa juu yake inapasuka. Kwa hiyo mwashi wa Lamu alipoanza kuchora msingi ardhini, upana wa chumba ulikuwa umeshakatwa zamani, huko msituni, na mtu aliyesimama kwenye tope na shoka.

Na miti hiyo ilisafiri. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja na kaskazi yakishusha tende, mazulia na samaki wa chumvi, yakangoja upepo ugeuke, yakarudi na kusi yamesheheni boriti za Lamu na za delta ya Rufiji. Huko kwenu wazee wakiziita chandali. Ziliuzwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene una jina lake: fito, kisha pau, mazio, boriti, kisha nguzo. Nilipokuwa mtoto tulicheza juu ya marundo yake ufukweni na kufukuzwa. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuzipeleka nje mwaka 1982, ingawa kwenu chuma na saruji vilikuwa vimeshazipunguzia kazi kabla ya hapo. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya mpaka leo iko Lamu. Kwa hiyo ndiyo, ulipolala chumbani kwa babu yako Sur ulikuwa umelala chini ya msitu wetu.

Hilo la upana wa lazima tulilitafutia dawa, na ndipo penye ufundi. Kwa kuwa chumba hakiwezi kupanuka, tulikirefusha, halafu tukavipanga vyumba kimoja nyuma ya kingine kama mistari ya sala. Ukitoka njiani unapita daka, kisha tekani, ukumbi mdogo wenye kona ili mpita njia asione ndani. Unatokea kiwandani, yaani uani penye mwanga. Mbele yake msana wa tini, yaani sebule ndefu ya chini, nyuma yake msana wa yuu, wa juu, umeinuliwa kidogo, na nyuma yake chumba cha ndani. Kati ya misana hakuna milango, kuna nafasi pana zilizo wazi au za pazia, hivyo jicho la aliyeketi halikomi kwenye ukuta wa karibu. Na kila ukivuka ukuta mmoja unakuwa umeingia zaidi katika siri za watu. Mgeni wa biashara huishia dakani na kahawa yake. Mimi nimefanya kazi nyumba ambayo kwa miezi miwili sikuvuka msana wa tini mpaka mama mwenye nyumba aliposafiri.

Nyumba ya babu yako usiiuze kabla hujanipelekea picha ya dari.

*

Shikamoo babu. Ninasoma uchoraji majengo Dar es Salaam. Mwalimu ametupa kazi ya kueleza vile vishimo vingi vya ukutani kwenye nyumba za Lamu. Nimeandika kwamba ni vya kuwekea taa. Nimepatia?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Marahaba mjukuu wangu. Hujapatia, ila hujachelewa.

Zile ni zidaka. Utazikuta hasa kwenye ukuta wa mwisho wa chumba cha ndani, safu juu ya safu, na penye mali zinajaa ukuta mzima tangu kiunoni hadi karibu na boriti. Kitu kilichowekwa humo kwanza ni bakuli na sahani za kaure kutoka China, moja kila tundu, halafu chupa za marashi, vitabu, msahafu. Humo ndani ndimo bibi harusi alimooneshwa, mgongo wake kwenye zidaka, na wageni walizisoma sahani kama mnavyosoma cheti cha benki. Bakuli likipasuka bila kuguswa watu walisema limebeba jicho lililokuja kwa wenye nyumba. Usicheke katika ripoti yako. Andika tu kwamba walisema.

Upande wa kazi, andika hivi. Tundu lenyewe hujengwa kwa mawe, lakini umbo lake zuri, tao dogo la juu na nakshi za pembeni, hukatwa kwenye plasta ya chokaa ikiwa bado mbichi. Unapaka, unangoja mpaka kidole kisiache alama lakini ukucha uache, na kuanzia hapo una saa chache za kuchonga kwa kisu. Chokaa ikishakauka ukigusa inatoka vumbi na kipande. Nakshi kubwa za milango na nguzo zilichongwa kwenye matumbawe laini yaliyotolewa baharini, ambayo ni rahisi kukatwa yakiwa na maji na huwa magumu yakikaa hewani. Leo hayo tuyaache baharini, tuna mawe ya nchi kavu ya kutosha Manda.

Mimi nina rai yangu kuhusu sababu yake, na mwalimu wako anaweza kuikataa. Chumba cha dhiraa sita kisicho na dirisha kinakubana. Ukuta uliojaa zidaka, kila moja na kivuli chake, haujui kukaa karibu nawe. Unarudi nyuma. Kaa humo jioni na taa moja uone.

Na ukienda kupima usisahau chooni. Kuna birika la kutawadhia, na chini yake utakuta mara nyingi bakuli la kaure limejengewa kwenye sakafu yake. Walitia samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua samaki walipata pa kujibanza ndani ya bakuli. Kama ningekuwa mwalimu wako, kwa hilo peke yake ningekupa maksi.

*

Fundi mkubwa, mimi ni mwashi kijana kutoka Siyu. Wazee waliochoma chokaa hapa wamekwisha. Naweza kutumia chokaa ya mfuko wa dukani kwenye nyumba za kale?
Mwiko Mdogo

Waweza, lakini soma mfuko kwanza. Ipo chokaa ya kilimo, ile ya kutia shambani. Hiyo ni mawe yaliyosagwa tu, hayajaonja moto, nawe ukiipaka ukutani utakuwa umepaka unga. Unayoitaka ni ya kujengea, iliyochomwa na kuzimwa. Hata hiyo usiitumie siku hiyo hiyo. Ikoroge na maji kwenye pipa mpaka iwe kama mtindi mzito, ifunike kwa maji vidole vinne juu yake, uisahau mwezi. Ukiweza miezi mitatu, ndiyo utaujua utamu wake: inashika mwiko kama siagi.

Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na mchanga uwe wa bara, si wa ufukweni, chumvi yake ndiyo ile ile inayobomoa kuta. Paka nyembamba, sentimita moja kwa safu, ngoja ikaze, ndipo upake nyingine. Ukuta uloweke maji kabla, na baada ya kupaka tundika magunia mabichi mbele yake wiki nzima. Saruji hukauka kwa haraka yake yenyewe. Chokaa huwa jiwe tena kwa kuvuta hewa kidogo kidogo, miezi na miezi, na ukiiacha jua liikaushe siku ya kwanza umeikatisha.

Kwa kuwa umeuliza habari za wazee: tanuu la kwetu halikuwa jengo. Magogo yalipangwa kwa duara, rundo refu kuliko mtu, katikati pameachwa tundu la kupitisha hewa, mawe ya matumbawe yakamwagwa juu. Lilitiwa moto jioni, kwa upepo mzuri, na usiku kucha lilionekana Manda nzima. Asubuhi mawe yale yale yamebaki na umbo lao lakini ukiyanyanyua mepesi, mwilini hayana kitu. Tuliyanyunyizia maji, yakachemka na kupasuka mbele ya macho yetu, yakawa unga. Mjomba alitupaka mafuta ya nazi mikononi na kope kabla ya hapo. Wewe vaa glavu na miwani, mafuta ya nazi tia kwenye wali.

*

Fundi, makuti yangu Malindi yamejaa popo na panya. Niyatoe?
Msomaji asiyelala

Usiyatoe. Popo wanakula wadudu, na kinyesi chao kifagie. Ukiwachoka kabisa, ngoja watoke jioni uzibe pengo lililo chini ya mwamba wa paa, ila kagua kwanza kama hawana watoto humo. Panya ndio adui wa kweli, maana hutafuna ugwe, na safu moja ikilegea zinafuata tatu. Dawa ya panya chini ya makuti sipendi, atafia ndani na utamtafuta wiki nzima kwa pua. Fuga paka. Ukikosa, njoo Lamu na kapu, utachagua mwenyewe.